Sanduku la Wasomaji: Nimelifunga kwenye ukurasa wa 70

Tuliomba wasomaji waseme kweli juu ya riwaya za mapenzi na za fantasia walizosoma, bila kupamba. Barua zimetoka pande zote za Lubumbashi, nyingi zikiwa na hasira, chache zikiwa na haya. Tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI. Ndugu wa gazeti, nimeazima buku la mapenzi la kurasa 190. Kijana tajiri, binti maskini, mnajua wenyewe. Nilipofika ukurasa wa 70 nilikuwa nimeshajua kwamba wataoana, nikalifunga. Yaya wangu aliyeniazima amekasirika, anasema sina moyo. Nimwambie nini?
*Msomaji wa Katuba*

JIBU. Yaya wako ana haki nusu. Kujua kwamba wataoana si kasoro ya buku hilo, ndilo sharti lake. Wanaochapisha riwaya za namna hii wanashika mambo mawili: mapenzi yawe ndiyo uti wa mgongo wa hadithi, na mwisho uwe wa heri au angalau wa matumaini. Harlequin, kampuni iliyoanza Kanada mwaka 1949, imeuza sharti hilo kwa miaka mingi katika vitabu vya mfukoni vya maneno kama 50 000. Mkusanyo wa Adoras, ulioanzishwa Abidjan mwaka 1998, ulilichukua sharti lilelile ukalileta kwenye miji ya Afrika, kwa majina na vyakula tunavyovijua. Anayelalamika kwamba alijua mwisho ni kama mtu aliyekwenda arusini akashangaa kumkuta bibi arusi.

Tunadhani kilichokuchosha ni kizuizi. Jiulize: kitu gani kinawazuia hawa wawili wasiwe pamoja leo jioni? Hicho ndicho kinachobeba kurasa zote 190. Kipime hivi: waketishe chini ya mwembe wa lupango, uwape dakika 5 za kuambiana kweli. Kama dakika hizo zikiisha na hadithi nayo imekwisha, kizuizi kilikuwa cha karatasi. Alimwona na mwanamke mwingine, kumbe ni dada yake. Barua ilipotea. Simu iliishiwa unite. Kizuizi cha aina hiyo kinabeba sura moja, mbili kwa shida. Lakini kama mmoja wao hawezi kufungua kinywa hata ukimpa siku nzima, kwa sababu ya kiapo alichompa marehemu baba yake, au kwa sababu familia imeshapokea mahari ya mtu mwingine na imeshaila, hapo mwandishi amefanya kazi yake.

Kisha hesabu kurasa. Riwaya nyingi za mapenzi huwatenganisha wapenzi kwa mara ya mwisho karibu na robo ya mwisho ya kitabu. Kwa hilo lako ni kati ya ukurasa wa 135 na wa 150. Utengano ukija hapo, aliyekosa anabaki na kurasa kama 40 za kujirekebisha, nasi tunamwona akihangaika. Ukija kwenye ukurasa wa 175, msamaha unabanwa ndani ya kurasa 15, na msomaji anafunga kitabu akiwa na mashaka hata kama pete imevaliwa. Hii ndiyo kasoro tunayokutana nayo kuliko zote, na aliyeishia ukurasa wa 70 hawezi kuiona. Kwa hiyo fungua tena, ruka mpaka wa 130, soma hadi mwisho. Ni saa moja na nusu hivi.

Halafu nenda kwa yaya na kitu cha mkononi. Usiseme "ni baya". Sema: "Kwenye ukurasa wa 52 anaficha deni lake na mwandishi hanipi sababu, toka pale sikumwamini tena." Neno hilo halimvunjii yaya heshima, tena linampa nafasi ya kukujibu. Pengine sababu ilikuwa kwenye ukurasa wa 31 na wewe uliipita mbio.

SWALI. Mwanaume wa kwenye buku anamfuata binti kila anakokwenda, anamvunjia simu, anamfungia mlango, na mwandishi anauita wivu ule mapenzi. Nilitaka kulitupa jalalani. Wenzangu wa saluni wanasema ndiyo utamu wenyewe. Nani amekosea?
*Dada wa Kamalondo*

JIBU. Mnajibu maswali mawili tofauti, ndiyo maana hamwelewani. Wenzako wanasema kama kitabu kimewasisimua. Wewe unauliza kama kitabu kinajua kinachofanya. Mtu anaweza kusema ndiyo kwa la kwanza na hapana kwa la pili, tena kwa kitabu kimoja.

La pili linapimika. Tazama kwanza nani analipa: baada ya simu kuvunjwa, kuna kitu ambacho mwanaume anakipoteza, au ukurasa unaofuata ni maua na chakula cha jioni? Kisha hesabu maamuzi ya binti. Chukua sura 5 za katikati, andika kila jambo analoliamua mwenyewe na ambalo linabadilisha njia ya hadithi. Ukipata sifuri au moja, huyo si mhusika, ni mzigo unaobebwa. Mwisho sikiliza sauti ya msimulizi. Binti aliyetekwa anaweza kumtetea mtekaji wake, wanadamu ndivyo tulivyo. Lakini msimulizi naye akimtetea, na mama mzazi, na rafiki, na jirani, basi kitabu kizima kimeegemea upande mmoja.

Ipo aina inayoandikwa hivyo kwa makusudi, wauza vitabu vya Kifaransa wanaiita "dark romance", na mchapishaji mwenye adabu huweka onyo kwenye kurasa za mwanzo. Onyo likiwepo, umeambiwa kilicho ndani ya sufuria. Lisipokuwepo, na jalada lina ufukwe na maua, hasira yako ni halali. Sema hivyo saluni bila woga. Na hao wadogo wa miaka 14 wanaokuja kusukwa, msiwaachie kitabu hicho juu ya meza.

SWALI. Nimesoma fantasia tatu mfululizo. Kila mara shujaa akikaribia kufa, nguvu mpya inatoka mkononi mwake. Nimechoka. Au ni mimi nisiyejua kusoma mambo ya uchawi?
*Msomaji wa Ruashi*

JIBU. Unajua, tena toka utoto, kama umesikia habari za mamba muntu. Picha yake ilitundikwa sebuleni mwa watu wengi wa mji huu miaka ya 1970: juu mwanamke wa nywele ndefu, chini samaki. Tazama hadithi yake ilivyofungwa, kwa namna inavyosimuliwa mara nyingi. Mwanaume anapata unywele wake au kitana chake. Mwenye mali anamjia ndotoni kudai chake. Mwanaume anaweza kutajirika, lakini lazima atunze siri. Akiropoka, mali inakwenda. Humo mna vitu vinne: nani anapata nguvu, kwa njia gani, kwa bei gani, na kitu gani kinaivunja. Hakuna msikilizaji anayetegemea mamba muntu atokee mahakamani kumwokoa bwana huyo na kesi ya lupango. Hilo halimo katika makubaliano.

Fantasia nzuri inafanya vivyo hivyo. Brandon Sanderson, mwandishi wa Marekani, ameliweka kama kanuni: kadiri msomaji anavyouelewa uchawi wa kitabu, ndivyo mwandishi anavyopata ruhusa ya kuutumia kutatua matatizo. Kwa hiyo usisome ukiwa na hasira tu, soma na kikaratasi. Kitabu kikiwa na kurasa 450, kufika ukurasa wa 100 uwe umeandika mistari mitatu: nani anaweza, analipa nini, nini hakiwezekani. Kiweke kikaratasi ndani ya kitabu. Ukifika kwenye vita vya mwisho, kitoe. Kama kinachomwokoa shujaa hakimo, kwanza rudi nyuma utafute. Mwandishi hodari huipanda mbegu walau mara mbili kabla ya kuivuna, na moja huifukia ndani ya mzaha: mtoto anacheza na kokoto jikoni, unacheka, unapita. Ukizikuta mbegu mbili, kosa ni letu sisi wasomaji. Usipoikuta hata moja, kosa ni lake.

Ziko kasoro mbili za bei ambazo watu huziona kwa tumbo bila kuzitaja. Ya kwanza: bei inatangazwa, hailipwi. Tunaambiwa kila moto unaowashwa unakula mwaka mmoja wa maisha ya shujaa. Anawasha mara 20, na kwenye ukurasa wa mwisho bado ana miaka 19 na ngozi laini. Ya pili: mfu anafufuliwa mara moja. Toka hapo hakuna kifo kinachotisha tena, na kurasa zote za vita zinakuwa bukari bila mboga.

Kuna uchawi wa namna nyingine usioelezwa hata kidogo, wa misitu na wazee na sauti za usiku, na si kasoro. Kazi yake ni kutia hofu. Huo usiudai kanuni. Uudai tu usimtoe shujaa kwenye shimo. Ukimtia kwenye shimo, sawa.

Na tukiwa papa hapa, tazama fedha. Katika fantasia nyingi kila mtu analipa dhahabu, hata kwa supu. Katanga iliwahi kutumia misalaba ya shaba kama fedha kwa mamia ya miaka kabla ya franka, na nyuma ya kila msalaba palikuwa na mchimbaji, mkaa, tanuru, mfuaji na mbebaji. Mwandishi anayejua sarafu ya nchi yake ya kubuni imetoka shimo gani, kwa kawaida anajua na mengine.

SWALI. Nimenunua kando ya barabara fantasia ya Kifaransa, kurasa 500, majina yasiyopungua 60. Nimeona baadaye kwamba ni tomu ya 2. Niendelee au nimrudishie muuzaji?
*Mwanafunzi, Kampemba*

JIBU. Inategemea kama ni hadithi moja iliyokatwa au hadithi kadhaa zinazoishi nchi moja. Fungua ukurasa wa jina, kisha ule wenye "Du même auteur", usome orodha. Kisha soma kurasa mbili za kwanza. Wahusika wakiwa njiani, wamejeruhiwa, na hakuna anayekueleza walitoka wapi, ni hadithi iliyokatwa. *The Lord of the Rings* ya Tolkien ni mfano: ni riwaya moja iliyotolewa kwa juzuu tatu kati ya 1954 na 1955, na anayeanzia juzuu ya pili anapanda basi lililokwisha kufika Likasi.

Kwa sisi tunaosoma Kifaransa kuna mtego mwingine. Wachapishaji wa Ufaransa wamezoea kuzikata riwaya nene za Kiingereza vipande viwili au zaidi. Riwaya ya kwanza ya George R. R. Martin katika mfululizo wa *Le Trône de fer* (1996) ilitoka Ufaransa kwa juzuu mbili. Kwa hiyo tomu ya 2 ya Kifaransa inaweza kuwa nusu ya pili ya kitabu cha kwanza, na rafiki yako anayesoma Kiingereza akikwambia "cha pili ni kitamu" anazungumzia kitabu kingine. Ukiona neno "Intégrale" juu ya jalada, vipande vimeunganishwa tena, lakini bado angalia namba yake.

Majina 60 yasikutishe. Kunja karatasi mara mbili upate sehemu nne: moja ya watu, moja ya koo, moja ya mahali, moja ya vitu. Usiandike jina mara ya kwanza linapotokea. Liandike mara ya pili, pamoja na neno moja tu: "kovu", "mlevi", "mtoto wa tatu". Majina mengi ya sura ya kwanza hayarudi, ni wafu wa kupamba vita. Angalia na kurasa za mwisho kabla hujaanza, maana orodha ya wahusika huwekwa huko na wengi wanaigundua wakiwa wamemaliza. Ukifika ukurasa wa 80 na bado unarudi kwenye karatasi kila mstari, simama. Kiweke mpaka upate ya 1.

SWALI. Mtoto wangu wa miaka 13 anasoma vitabu vya wachawi na majoka. Kwa kanisa wananiambia nivichome. Mimi sitaki vita nyumbani, wala sitaki kumpoteza mtoto.
*Mama wa Kenya, komini ya Kenya*

JIBU. Mama, hatutabishana na kanisa lako, na tunajua kwamba mjini kwetu neno "mchawi" si la hadithi tu. Kuna watoto wamefukuzwa nyumbani kwa sababu ya neno hilo. Ndiyo maana kitabu kinahitaji kusomwa kabla ya kuhukumiwa. Soma kurasa 30 za mwanzo na 20 za mwisho. Ni jioni moja. Uangalie nani anatumia nguvu kumdhuru mwenzake, na kitabu kinamtendeaje. Kisha muulize mtoto, bila sauti ya mahakama, nani anampenda humo, nani anamchukia, na angefanya nini mahali pake. Majibu yatakueleza kuliko jalada.

Likikusaidia ukizungumza na mchungaji: Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kusali, na C. S. Lewis, aliyeandika vitabu saba vya Narnia kati ya 1950 na 1956, alikuwa Mwanglikana aliyeandika pia vitabu vya kutetea imani. Wote wawili waliweka wachawi ndani ya hadithi zao.

Kinachotutia wasiwasi sisi kwa umri wa 13 ni kingine. Fantasia nyingi za siku hizi zina jalada la joka na ndani mna vyumba vya kulala vilivyoelezwa mpaka mwisho. Angalia hapo kwanza.

SWALI. Nililipia vita vya majoka, nimepewa kurasa 300 za kubusiana. Nimeibiwa?
*Msomaji wa Kamalondo*

JIBU. Umekosea rafu. Wauzaji wanauita mseto huo romantasi, na ndani yake mapenzi ndiyo mifupa, joka ni nguo. Kabla ya kulipa, soma maneno ya nyuma ya jalada: yakianza na jina la binti, kisha "mpaka alipokutana na", na nchi iliyo hatarini ikatajwa mwishoni, umeshajua. Ukishaanza kusoma, jaribu kuondoa mapenzi kichwani: vita vingetokea bila hao wawili? Kama vingetokea, ni fantasia yenye mapenzi. Kama visingetokea, ni mapenzi yenye mapanga.

Tuseme na letu. Mseto huu una ugonjwa mmoja: bwana wa miaka 300 na binti wa 19. Mwandishi anatuambia amezika wafalme, amepigana vita 40, kisha anamfanya anune kama mvulana wa sekondari kwa sababu binti amecheza na mwingine. Ama uzee huo uonekane katika maneno yake, kusahau kwake, uchovu wake, ama apewe miaka 25 tuelewane. Hadithi za maadui wanaopendana nazo ni hivyo hivyo. Uadui uwe na damu au mali ndani yake. Kurushiana maneno makali kwenye ngazi za kasri ni kuchumbiana tu.

SWALI. Kwa nini tunahangaika na Kifaransa? Nilijaribu *Kusadikika* kwa sababu mtu aliniambia ni fantasia ya Kiswahili. Ni hotuba juu ya hotuba! Nililala.
*Mwalimu wa Katuba*

JIBU. Mwalimu, aliyekuambia ni fantasia hakusema uongo, ila alikupa ahadi ambayo Shaaban Robert hakuitoa. *Kusadikika* (1951) ni nchi iliyo angani, kweli, lakini kitabu ni kesi. Karama ameshitakiwa kwa kufundisha uanasheria, na utetezi wake ni kuwakumbusha watawala habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo, wakarudi na mawazo ya faida wakatupwa gerezani. Safari zimo, ila zimesimuliwa kama ushahidi. Ukisoma ukingojea joka utalala. Ukisoma ukimwangalia mshitakiwa anayezungumza mbele ya watu waliokwisha kuamua, hotuba zinapata meno. Tunakubali hata hivyo kwamba wahusika wake wanaongea kwa sauti moja, ya Shaaban mwenyewe. Hilo unaweza kulisema darasani bila kumkosea heshima.

Ukitaka kitu chenye giza na mwendo zaidi, tafuta *Babu Alipofufuka* cha Said Ahmed Mohamed (2001), ambamo mzimu wa babu unamwandama mjukuu aliyeneemeka. Msomaji wa Lubumbashi atagonga maneno ya pwani kila ukurasa. Usiyatafute yote kwenye kamusi, utachoka kabla ya sura ya pili. Yapigie mstari, usitafute zaidi ya matano kwa ukurasa, yaani yale yaliyorudi mara mbili au yanayofunga mlango wa sentensi. Na soma kwa sauti. Mengi tunayajua kwa sikio, jicho ndilo halijayaona.

SWALI. Kikundi chetu kinakutana Jumamosi na kila mtu anapewa dakika 3 kusema alivyoona buku. Wote tunasimulia hadithi mwanzo mpaka mwisho, muda unaisha. Tufanyeje?
*Wasomaji sita, Kampemba*

JIBU. Dakika 3 ni maneno 300 hivi kwa msemaji asiyekimbia. Hadithi isizidi sentensi 3, na ziishie kabla ya nusu ya kitabu ili msimharibie ambaye hajasoma. Sentensi moja ya kitabu isomwe kama ilivyo, na namba ya ukurasa. Yanayobaki yote ni hisia na sababu yake, na mtaje mahali ilipoanza. Kwa mfano:

"Mpaka ukurasa wa 120 nilikuwa upande wa yule muuguzi. Ananichekesha, ananikasirisha, lakini namwelewa: amelea wadogo wanne, hawezi kumfuata mwanaume Kolwezi. Kwenye ukurasa wa 121 mwandishi anawapeleka wadogo wote kwa shangazi ambaye hatujawahi kumsikia. Kizuizi kimeondolewa na gari, si na mapenzi. Nimeendelea kusoma kwa sababu mazungumzo ni matamu, hasa ya jikoni, ila sikulia mwishoni. Atakayependa kucheka alichukue. Atakayetaka kuumia alipite."

Hapo mna maneno kama 60, na mliosikia mnaweza kubishana juu ya shangazi kwa nusu saa. Mmoja wenu ashike saa. Aliyeacha kitabu njiani asifukuzwe, aseme tu ukurasa alioachia; watu watatu wakiacha karibu na ukurasa uleule, kitabu kina shimo pale. Na msiruhusu alama za nyota, "nampa tatu kwa tano". Zinafunga mazungumzo.

SWALI. Mabuku yangu ya mtumba yananuka na kurasa zinagandana. Nimeanza kusoma kwa simu lakini mega zinaisha. Lipi bora?
*Msomaji wa Ruashi*

JIBU. Harufu ni kuvu ya miezi ya mvua, Novemba mpaka Machi. Kabla ya kulipa, fungua katikati na unuse. Madoa ya kahawia yaliyokauka si neno, unga wa kijivu au wa kijani unaotoka kidoleni ni kuvu hai, na utaambukiza rafu nzima. Piga kurasa zote kwa kidole gumba ukitazama namba. Zinazopotea mara nyingi ni 16 au 32 kwa pamoja, kwa sababu kitabu hushonwa kwa mafungu. Hakikisha na ukurasa wa mwisho upo, maana kwa riwaya ya mapenzi huo ndio uliolipia. Nyumbani kisimamishe wazi kivulini penye upepo siku 2 au 3, kisikae juani, gundi ya mgongo inapasuka. Kisha futa kuvu kwa kitambaa kikavu ukiwa nje. Kurasa zilizogandana zitenganishe kwa ncha butu ya kijiko, taratibu, zikiwa kavu. Rafu iache nafasi ya vidole viwili toka ukutani.

Kwa simu, angalia aina ya faili. Riwaya ya maandishi matupu kwa epub mara nyingi haifiki mega 2. Ileile ikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa ikawa PDF inaweza kula mega 50, na ukizikuza herufi hazijipangi upya, zinatoka nje ya kioo. Chukua epub, ipakue yote mara moja, kisha zima data. Punguza mwanga na uweke herufi nyeupe juu ya nyeusi kama simu yako inakubali. Usiku umeme ukikatwa betri itakuvusha sura kadhaa zaidi.